Kisigino cha Kulia

Kabla sijapanda ndege hata mara moja, nilikata nyasi za uwanja wa ndege kwa miaka kumi na mmoja. Ulikuwa uwanja wa udongo mwekundu ndani ya ranchi ya ng'ombe, upande wa Miasenyi, na mimi nilikuwa dereva wa trekta. Ranchi hiyo haipo tena. Ardhi imegawanywa, wenyewe wametawanyika, na baadhi ya watu nitakaowataja wametangulia mbele ya haki. Mimi nipo, namshukuru Mwenyezi Mungu, na miguu yangu yote miwili bado inanifikisha msikitini.

Nieleze trekta kwanza. Trekta ina breki mbili zilizokaa bega kwa bega chini ya mguu wa kulia. Moja ni ya gurudumu la nyuma la kulia, nyingine ya gurudumu la kushoto. Ukiwa barabarani unazifunga pamoja kwa komeo ili zishike sawasawa. Ukiwa shambani unazifungua. Ukifika mwisho wa mstari unazungusha usukani na kukanyaga breki ya upande mmoja kwa nguvu zako zote. Gurudumu hilo linaganda na trekta nzima inageuka juu yake papo hapo. Dereva mzuri anajulikana pale mwisho wa mstari, kwa kutoacha kona ya nyasi ambayo haikukatwa. Mimi sikuacha kona. Meneja alipokuwa na wageni aliwaonyesha ncha za uwanja, akawaambia wajaribu kutafuta jani moja refu.

Ndege ya ranchi ilikuwa ya viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Ilikuwa ya aina ile yenye magurudumu mawili makubwa mbele na kagurudumu kadogo mkiani. Ikiwa chini hukaa imeinua pua, na aliye kiti cha mbele haoni mbele. Huona kushoto na kulia, katikati hukisia. Tuliitumia kutafuta ng'ombe waliopotea na kujua ndovu wamevunja mabomba ya maji wapi. Rubani alikuwa mzee mmoja Mkamba, mstaafu, tuliyemwita Kapteni. Katikati ya miaka ya tisini macho yake yalianza kufifia, na meneja akaona ni vyema mmoja wetu ajifunze kabla mzee hajaacha kazi. Akanichagua mimi. Nilikuwa na miaka arobaini na minne na cheti cha kidato cha nne. Alisema ameniona miaka yote sina haraka.

Watu walicheka, hasa fundi wetu. Huyu alikuwa Mdawida wa Bura, Mkatoliki, umri wetu ulikuwa mmoja. Alitengeneza trekta, pampu na jenereta, na ndege pia aliishughulikia kwa kazi ndogo ndogo, na mhandisi wa ndege alikuja kila baada ya muda kukagua. Jumapili alikuwa kwao mlimani. Jumatatu asubuhi nilikuta kabichi au fungu la karoti juu ya kiti cha trekta, na hakuwahi kusema ni yeye aliyeweka.

"Maalim," aliniambia siku ya kwanza ya mafunzo. Waliniita hivyo kwa sababu nilisoma Kurani chuoni kwa babu yangu pale Voi, na nilikuwa nikiwaswalisha Waislamu wachache wa ranchi. "Maalim, hii ndege si punda wa Lamu. Ukimwambia 'haya twende' hakusikii."

"Na wewe mtu wa milimani," nikamjibu, "tangu uzaliwe hujaona ardhi iliyonyooka. Utanifundisha nini habari ya kutua?"

Kapteni alicheka mpaka akakohoa.

Kupaa nilijifunza upesi, na kukaa hewani hakukunisumbua. Taabu ilikuwa kutua, tena si kule kugusa ardhi bali sekunde zinazofuata. Kapteni alichukua mkokoteni wa kubebea maji, akanigeuzia na kuniamuru niusukume kinyume, mpini ukiwa mbele. Kila mpini ulipopinda kidogo, mkokoteni wote ulitaka kuzunguka.

"Umeona?" akasema. "Uzito uko nyuma ya magurudumu. Mkia unataka kuwa wa kwanza. Hewani hii ndege ni mke wako, mnaelewana. Chini ni mama mkwe. Usimpe kisogo mpaka amekaa, na akikaa uendelee kumwangalia."

Ndege huongozwa kwa miguu ikiwa chini. Vidole husukuma pedali za usukani wa mkia, na chini yake kuna vipedali viwili vya breki vinavyokanyagwa kwa visigino. Kapteni alinikataza hivyo vya chini.

"Kisigino ni cha kuegesha," alisema. "Ukitua, sahau kama Mungu alikuumba na kisigino. Vidole, Maalim. Kidogo, kidogo, kama unaua siafu mmoja mmoja."

Kwa majuma sita tulitua asubuhi, kabla ya upepo. Siku yenyewe Kapteni alichelewa Voi, tukaanza baada ya adhuhuri. Kusi ilikuwa ikivuma kutoka kushoto, na mfuko wa kuonyesha upepo ulikuwa umejaa. Mara ya kwanza tulitua salama, na ya pili pia. Mara ya tatu magurudumu yaligusa vizuri, mkia ukashuka, nikawa nasikia kokoto zikigonga tumbo la ndege. Kisha pua ikaanza kwenda kushoto, kuuelekea upepo. Ukingo wa nyasi ukaja upande wangu.

"Kulia," Kapteni alisema kutoka nyuma. "Kulia kidogo. Kulia!"

Baada ya hapo nakumbuka vumbi tu. Ndege ilikatika kulia kwa ghafla, bawa la kushoto likainama na kupiga ardhi, mguu wa gurudumu la kushoto ukakunjika chini yetu, na propela ikachimba udongo ikasimama. Kukawa kimya. Kapteni akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Zima kila kitu. Toka." Nikazima na kutoka. Nilisimama kwenye nyasi nilizozikata mwenyewe na kusema alhamdulillahi, maana ulimi unaijua njia hiyo bila kuambiwa. Sikuogopa. Sikuona furaha ya kupona pia. Kapteni alikuwa na damu kwenye paji la uso, na mimi niliitazama damu ile kama mtu anayetazama rangi kwenye ukuta.

Fundi alikuja mbio na mtungi wa kuzimia moto. Alitushika mikono mmoja mmoja, kuhakikisha tumekamilika. Kisha akapiga magoti kwenye gurudumu la kulia, akalizungusha kwa mkono. Likazunguka. Akalizungusha tena. Nyuma yake, kwenye udongo, gurudumu hilo lilikuwa limechimba mfereji mfupi uliopinda, mahali lilipokuwa limeganda.

Siku mbili kabla yake, fundi alikuwa ameifungua breki hiyo hiyo ya kulia kwa sababu ilivuja.

Kesho yake meneja alituita ofisini, mimi na Kapteni. Watu wa bima walitaka maelezo.

"Ni gurudumu la kulia lililoshika," meneja alisema. "Hiyo tumeona. Sasa ni hivi, Maalim. Wewe ulikanyaga breki?"

"Sikumbuki, Bwana Meneja."

"Hukumbuki kukanyaga."

"Sikumbuki."

Akamtazama Kapteni. Kapteni akasema kwamba akiwa kiti cha nyuma haoni miguu ya mbele, na breki za mbele hazisikiki nyuma. Alinifundisha nisikanyage, na kwa majuma sita hajahisi gurudumu likiganda. Meneja akaandika. Aliponisogezea karatasi, nilisoma kwamba mwanafunzi hakukanyaga breki, na kwamba breki ya kulia ilijifunga yenyewe kwa matengenezo mabaya. Nilisoma mstari huo mara mbili. Niliona tofauti iliyopo kati ya kutokumbuka na kutokanyaga, niliiona wazi, haikunigusa popote. Nikatia sahihi.

Fundi aliambiwa akabidhi vifaa mwisho wa mwezi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa. Tangu Voi mpaka Taveta magereji yanajuana, na jina la fundi aliyeangusha ndege lingefika kabla yake. Nyumba yake ilikuwa ya ranchi. Watoto wake wawili walikuwa shule kule Bura. Hayo yote niliyajua siku ile ile, na niliyajua kama mtu anavyojua ratiba ya treni ambayo hasafiri nayo.

Alikuja kwangu jioni, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Maalim, nakuuliza kitu kimoja. Uliikanyaga?"

"Sikumbuki, ndugu yangu."

"Sikukuuliza kama unakumbuka. Uliikanyaga?"

"Wallahi sijui."

Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimejiuliza na kutafuta, na kila nilipofika kwenye ule mwito wa "kulia" palikuwa na vumbi.

"Basi mimi pia sijui," alisema. "Nilifunga kila nati. Nilijaza oili, nikatoa hewa, nikajaribu mara tatu. Nilikuwa najua. Sasa nalala nikihesabu zile nati, na kila siku inakosekana moja."

Jumatatu iliyofuata kiti cha trekta kilikuwa kitupu.

Alhamisi nilikwenda nyumbani Voi, kama kawaida. Mke wangu aliniandalia wali na mchuzi wa samaki, nikala nikamaliza. Alipoonja yeye akaweka kijiko chini.

"Bwana, umekula hiki chakula?"

"Nimekula."

"Sikutia chumvi. Nilisahau kabisa. Na wewe mtu wa kunirudishia sufuria kwa chembe moja, umekula sahani nzima?"

Nikamwambia kilikuwa chakula kizuri. Hakucheka. Alinishika paji la uso kama anavyowashika watoto, akaona halina homa, akaondoa sahani.

Ijumaa nilitawadha. Nilipofika miguuni nikaanza na wa kulia, nikapitisha maji katikati ya vidole, nikazungusha kiganja kwenye kisigino. Babu yangu alitufundisha kwamba iko siku mdomo utafungwa, na mikono na miguu itasema yenyewe yaliyotendwa. Sisi watoto tuliicheka habari hiyo nje ya chuo. Tulikuwa tukiuliza miguu itasema kwa lugha gani, na mmoja wetu akaigiza sauti ya mguu, nyembamba, ya kulalamika. Siku ile nilikishika kisigino changu mkononi na maji yakapita, na hakikuniambia neno. Nikaswali. Baada ya salamu sikuwa na hakika nimeswali rakaa ngapi na imamu, japo nilikuwa safu ya kwanza.

Niliomba nikumbuke. Siwezi kusema niliomba kwa machozi, sikuwa nayo. Niliomba kwa sababu ni wajibu kuomba.

Ilipobaki wiki moja mwezi kwisha, meneja alinituma nikakate uwanja. Watu wa bima walikuwa wanakuja kwa ndege yao siku inayofuata. Mabaki ya ndege yetu yalikuwa yamevutwa pembeni chini ya turubai. Nilifungua komeo la breki, nikashusha mashine ya kukatia, nikaanza mstari wa kwanza kuelekea upande wa reli. Jua lilikuwa kali na milima ya Sagalla ilikuwa imefifia kwa vumbi. Sikuwa nawaza chochote. Siku hizo nilishukuru kwa kazi isiyohitaji kuwaza.

Nilifika mwisho wa uwanja. Ukingo wa nyasi ndefu ukaja upande wangu, mikono ikazungusha usukani kulia, na mguu wa kulia ukashuka.

Sikuuambia ushuke. Ulishuka wenyewe, kisigino kwanza, kwa nguvu zote za paja, kama ulivyoshuka mara elfu nyingi mahali pale pale. Gurudumu likaganda na trekta ikageuka. Wakati ule ule nilisikia sauti ya Kapteni ikisema "Kulia!" na chini ya kisigino changu nilikihisi kile kipedali kidogo cha ndege, chembamba kuliko cha trekta, kikienda chini mpaka mwisho wake. Hapakuwa na vumbi tena katika kumbukumbu. Nilikiona kiatu changu.

Nilizima injini. Nikashuka, nikatazama nyuma ya gurudumu la kulia. Lilikuwa limechimba mfereji mfupi uliopinda. Nilitembea mpaka pale ndege ilipozungukia, ambapo mfereji wa kwanza ulikuwa bado haujafutika, nikatazama na huo. Mmoja ulikuwa mpana na mwingine mwembamba. Nilikaa chini katikati ya uwanja, kwenye jua, sijui kwa muda gani. Ningependa kuandika kwamba nililia au nilisujudu. Nilikaa tu. Nilifikiri kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua, na kwamba Kapteni alikwisha kusema ndege nyingine itanunuliwa na mimi nitaendelea. Nilitaka sana kuendelea. Hilo sikuwa nimemwambia mtu, hata mke wangu. Kule juu, asubuhi, Mto Voi unaonekana wote mara moja kama uzi wa kijani, na nilikuwa nimeuona mara kumi na tisa.

Kisha nikainuka, nikaiacha trekta katikati ya uwanja, nikaenda karakana.

Fundi alikuwa akipanga spana ndani ya sanduku, kila moja ameifuta.

"Twende kwa meneja," nikamwambia.

"Kufanya nini?"

"Njoo tu, ndugu yangu."

Aliweka spana chini. Tulitembea kando kwa kando, na nilimsikia akipumua.

Meneja alikuwa akinywa chai. Nikasema nikiwa nimesimama: "Breki niliikanyaga mimi. Kwa kisigino, yote. Nilifanya kama nafanya kwa trekta mwisho wa mstari. Huyu hana kosa."

Meneja aliweka kikombe chini. "Ulisema hukukanyaga."

"Nilisema sikumbuki. Wewe uliandika sikukanyaga, na mimi nikasoma, nikatia sahihi. Leo nimekumbuka."

"Umekumbuka leo, watu wa bima wanakuja kesho."

"Ndiyo."

"Maalim, unajua hii inamaanisha nini? Siwezi kukurudisha kwa ndege. Hata nikitaka."

"Nafahamu, Bwana Meneja."

Alimgeukia fundi, akamuuliza kama ana la kusema. Fundi alikuwa akinitazama mimi.

"Siku kumi na mbili," alisema. "Siku kumi na mbili, Maalim, nimeitafuta hiyo nati."

Nikamwambia anisamehe. Akasema tutaona, akatoka, na baada ya muda tulisikia sauti ya spana zikitolewa sandukuni.

Karatasi ile ilichanwa, ikaandikwa nyingine. Fundi akabaki. Kapteni alinijia jioni, kitambaa cha jeraha kikiwa bado kichwani, akakaa kwenye tofali karibu nami.

"Kosa ni langu pia," alisema. "Nilikufundisha usahau kisigino. Sikukuuliza kwanza kisigino chenyewe kimefundishwa nini."

Mwaka uliofuata akaja kijana kutoka Nairobi aliyekwisha kusomea urubani, na ndege mpya, hii yenye gurudumu la tatu puani, ambayo hukaa imenyooka na mtu akaona aendako. Niliwakatia uwanja mpaka nikastaafu.

Lakini sikugeuka tena kwa breki. Nilizifunga mbili pamoja kwa komeo na sikulifungua komeo lile hata shambani. Nikifika mwisho wa uwanja nilizunguka mbali, kwa usukani tu, na kila ncha ikabaki na kona ya nyasi ndefu ambayo mashine haikuifikia. Wageni walipokuja meneja hakuwapeleka tena kule. Mara moja aliniuliza mbona nimekuwa mvivu wa kona, nikamwambia uzee.

Ilichukua miezi mitano tangu siku ile ya ofisini. Jumatatu moja nilipanda trekta gizagiza la alfajiri, nikakalia kitu kibichi kikavunjika. Ilikuwa kabichi. Nilikaa juu ya majani yale yaliyovunjika, maji yake yakipenya suruali, baridi, na nikaihisi ile baridi. Fundi alikuwa mlangoni mwa karakana amenipa mgongo, akifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Maalim," alisema bila kugeuka, "jana nikirudi toka nyumbani nimepanda na vijana kwenye lori, tukapita uwanjani. Wanasema siku hizi unageuza trekta kama treni."

"Treni haijawahi kuanguka pale," nikasema.

"Na zile kona?"

"Ziache."

Akaitikia kwa kichwa. Nikawasha injini.